Muhula Niliofundisha Kiingereza Bila Sauti

Sentensi ya Kiingereza ambayo wanafunzi wangu wa kwanza waliijua kuliko zote ilikuwa "Keep quiet." Waliisema bila kosa lolote, kwa lafudhi yangu ya Kakamega, na waliambiana hivyo hata mtoni wakichota maji. Hiyo niliwafundisha vizuri kwa sababu niliirudia kutwa nzima. Zile nyingine, zenye nomino na vitenzi vyake, ziliingia daftarini zikalala huko.

Nawaambia haya nyinyi walimu vijana kwa sababu mnakuja hapa kwangu Jumapili baada ya kanisa kulalamika. Mnasema silabasi inataka kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza vifundishwe pamoja, na hamjui mwanzie wapi. Mmoja wenu, sitamtaja lakini ndiye anayemaliza mandazi yangu, aliniuliza kama nilifundishwa mbinu hiyo chuoni. Sikufundishwa. Chuoni tuliambiwa Jumatatu ni ya kusoma, Jumanne sarufi, Jumatano imla, Alhamisi insha, na Ijumaa, muda ukibaki, watoto wanaweza kufungua midomo. Hii mbinu ya kuchanganya mimi nililetewa na ukungu wa mwezi wa saba.

Nilitoka kwetu nikiwa msichana, uhuru ukiwa bado mpya, nikapelekwa shule moja ya msingi juu ya Karatina, upande unaopanda mlimani. Kwetu baridi huja na kwenda. Kule ilikuwa imejenga nyumba. Chaki ilinyonya unyevu hadi ikawa inateleza ubaoni kama sabuni, na ilinibidi nijifunze kuianika kando ya jiko kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hilo ni la bure, lichukueni.

Nilipewa darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Ngatia, mtu mrefu aliyevaa tai hata akienda kukamua ng'ombe wake. Alipenda shule itulie. Akipita kwenye veranda na kusikia sauti moja tu ikitoka darasani, yaani yangu, alienda zake ameridhika. Na yangu hakuisikia kwa shida. Ilifika mpaka pale watu walipokusanyia maziwa, na mama mmoja wa huko aliwahi kuniambia sokoni kwamba sasa anajua wingi wa "mouse".

Nilisoma mimi, nikaeleza mimi, nikauliza mimi, na mtoto akikawia kujibu, nikajibu mimi. Mambo yalionekana kwenda sawa kwa sababu mwandiko wao ulikuwa mzuri. Siku moja somo lilikuwa vihusishi. Kitabuni kulikuwa na picha ya paka chini ya meza, na darasa zima likaandika kwa Kiingereza kwamba paka yuko chini ya meza. Nikiwa nasahihisha, paka wa kweli, wa mpishi wa shule, akaingia mlangoni, akapita katikati ya madawati, akaja kulala chini ya meza yangu. Nikaona Mungu mwenyewe amenipa kifaa cha kufundishia. Nikauliza kwa Kiingereza, "Kuna nini chini ya meza?"

Watoto walimwangalia paka, wakaniangalia mimi. Mwishowe akasimama Kariuki, mvulana ambaye hakuweza kuona swali likipita bila kulirukia.

"Kitabu kiko juu ya meza," akasema.

Ilikuwa kweli, kilikuwa juu ya meza. Nikamwambia ameze mate akae.

Na insha zao sasa. Zote zilianza na jua linalowaka na ndege wanaoimba, kwa sababu niliwapa mwanzo huo wakaukariri. Msichana mmoja, Wangeci, aliandika juu ya ng'ombe wao aliyetumbukia shimoni usiku wa mvua. Jua lilikuwa linawaka vikali. Huyo Wangeci aliketi dawati la mwisho karibu na dirisha, na tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake kwa lugha yoyote. Nikimuuliza kitu aliinama, nami nikapita kwa mwingine.

Nilimlalamikia Mama Nyambura, aliyefundisha darasa la kwanza tangu siku za wakoloni. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne.

"Nafula," akaniambia, "mimi nakusikianga nikiwa kwa darasa yangu. Unafundisha vizuri sana. Lakini hao watoto wanakusikiza vile watu husikiza mvua kwa mabati. Wanangoja iishe."

Nilinuna wiki nzima. Nilimwona mzee asiyejua mambo ya kisasa.

Ndipo ukungu ukashuka. Jumatatu moja asubuhi nilifungua mdomo kuwaambia wanyamaze, ikatoka sauti ya bawaba ya mlango, kisha haikutoka kitu. Nikaenda zahanati. Daktari wa pale, kijana mwenye haraka, alinimulika kooni na tochi.

"Mwalimu, hii koo imeiva kama nyanya. Usiongee mpaka ipone. Hata kunong'ona usinong'one, kunong'ona ndiyo mbaya zaidi."

Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba mimi ni mwalimu.

"Naona," akasema. "Ndiyo maana imeiva."

Sasa jueni kwamba nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Inspekta wa shule alikuwa aje kabla ya muhula kwisha aniangalie nikifundisha, aseme kama ninafaa au sifai. Bwana Ngatia aliposikia habari za koo langu, alilegeza tai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Sasa mimi nitaambia inspekta nini? Ati niko na mwalimu wa English hawezi sema hata good morning? Wacha hiyo darasa nipatie mtu mwingine. Wewe uende nyumbani upumzike."

Kupumzika kwa mwalimu ambaye hajathibitishwa kulikuwa jambo la kuogopa. Aliyenitangulia katika darasa lile alipumzishwa vivyo hivyo, na hakuna aliyejua alikopumzikia hadi leo. Nikachukua chaki nikamwandikia kwenye ukuta wa ofisi yake, kwa kuwa karatasi sikuwa nayo: "Nipe nafasi. Ubao hauna koo."

Aliusoma, akautazama ukuta wake. "Sawa," akasema. "Lakini nikisikia kelele, nakuja."

Nikaingia darasani nikaandika ubaoni kwa Kiingereza: "Sina sauti. Mmoja asome ninachoandika. Mwingine awaeleze wenzake kwa maneno yake mwenyewe." Walidhani ni mtihani. Wengine walianza kunakili. Nikafuta, nikaandika tena, nikamwonyesha Kariuki kidole. Akasoma. Nikamwonyesha jirani yake aeleze. Akafikiri, akasema, "Madam hana sauti, kwa hiyo sisi tuongee."

Hilo halikuwa nililoandika. Lakini lilikuwa sahihi, na lilikuwa lake. Nilitaka kumwambia hivyo, nikakumbuka siwezi, nikabaki nimeachama.

Siku zile za kwanza nilipata taabu ambayo siwezi kuieleza. Mtoto anasema "he go", na kosa linaniwasha mwili mzima kama upupu, na sina pa kujikunia. Nikawa naandika makosa kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Kufika saa sita mkono wangu ulikuwa wa buluu. Lakini mtoto alikuwa amefika mwisho wa sentensi yake, na wengi wao hawakuwahi kufika huko tangu nianze kuwafundisha, kwa sababu mimi nilikuwa nawakata njiani. Makosa ya kiganjani niliyaandika ubaoni mwisho wa kipindi, bila majina, wayarekebishe wenyewe. Fanyeni hivyo. Kalamu ya wino hutoka kwa ndimu.

Kisha ikatokea siku ya dasta, kile kifutio cha ubao. Nilikuwa nimejaza ubao na dasta haionekani. Nikaandika kwenye kona kwamba Kariuki aende kwa mwalimu mkuu aniombee dasta. Kariuki aliisoma vizuri. Akatoka mbio kama kawaida yake, maana hakujua kwenda kwa njia nyingine, akazunguka jengo la shule, akafika ofisini hana pumzi, akasema kwa Kiingereza kwamba Madam anataka dasta. Au ndivyo alivyodai. Bwana Ngatia alisikia kwamba Madam anataka dokta.

Nikiwa nimesimama naangalia ubao, nikasikia vishindo kwenye veranda. Bwana Ngatia aliingia na mpishi, mlinzi na mwenye pikapu ya kabeji aliyekuwa anapita barabarani. Mpishi alikuwa na blanketi.

"Mshikeni polepole," Bwana Ngatia akasema. "Kichwa, shika kichwa."

Nilitikisa kichwa. Mpishi akakishika. Nikapunga mikono, na mlinzi akasema hiyo ni degedege. Nikajinasua, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba mimi si mgonjwa, lakini Bwana Ngatia alikuwa ameupa ubao mgongo akipanga vile nitakavyotolewa mlangoni. Mwenye pikapu alisema kabeji zinaweza kusogezwa. Nilikuwa nimeshaviringishwa blanketi hadi kifuani, na nawaambia ukweli, niliogopa. Niliona nikifikishwa hospitali ya Nyeri juu ya kabeji, na mwalimu mwingine akiingia darasani mwangu siku hiyo hiyo.

Ndipo sauti nisiyoijua ikasema kutoka nyuma, kwa Kiingereza, pole pole lakini bila kutetemeka: "Sir, yeye si mgonjwa. Tafadhali geuka usome ubao."

Bwana Ngatia aligeuka, si kwa ajili ya ubao bali kuona ni nani aliyemwagiza. Alikuwa Wangeci. Alikuwa amesimama, mikono yake imeshika ukingo wa dawati. Kisha macho ya Bwana Ngatia yakapanda ubaoni. Akasoma. Akawaambia wale watu waniachilie. Akakunja blanketi yeye mwenyewe, vizuri, kona kwa kona, akatoka nalo. Mwenye pikapu aliuliza nani atarudisha kabeji zake mahali pake.

Darasa lilikuwa linatetemeka kwa kicheko kilichofungiwa. Nikaandika ubaoni: "Andikeni kilichotokea." Basi. Sikuwapa mwanzo wala mwisho. Sijaona tena watoto wakiinamia karatasi namna ile. Insha zilipoletwa, hakuna jua lililowaka katika hata moja. Mmoja alianza na blanketi. Mmoja alianza na mpishi akiacha maharagwe yaungue. Wangeci alianza hivi: "Madam alikuwa anasema kwa mikono na hakuna mtu alisikia."

Nikawapa wabadilishane, kila mtu asome ya mwenzake. Hapo vita vikaanza. Huyu ameandika Kariuki alisema "dasta", yule ameandika alisema "dokta", na kila mmoja anasimama kumuuliza mwandishi alijuaje na hakuwa ofisini. Waliulizana, walijibizana, walirudi kwenye karatasi kuonyesha mstari, walifuta na kuandika upya. Yote kwa Kiingereza, kwa sababu karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeketi kando na mkono wangu wa buluu, na ilinijia kwamba leo ni Jumanne, siku ya sarufi, na vitu vyote vinne viko hapa darasani na vimeshikana mashati.

Niwaambie jambo la baadaye kidogo. Nilipohamia shule ya Kiriaini tulikuwa na redio ya kufundishia. Bwana wa redio aliuliza swali, akangoja, kisha akasema "Vizuri sana," hata kama darasa zima lilikuwa limekaa kimya. Watoto walimpenda mno. Lakini nilipomsikia nilijitambua. Nilikuwa redio ya namna hiyo kwa muda mrefu, ila mimi sikungoja.

Turudi Karatina. Sauti yangu ilirudi siku moja jioni, nikiwa namfukuza kuku wa jirani, kesi ya dasta ikiwa bado haijaamuliwa darasani. Kesho yake asubuhi, kabla sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Bwana Ngatia, inspekta akafika. Mtu mfupi, mtaratibu, ametoka Nyeri mjini. Bwana Ngatia alinivuta kando.

"Sasa ongea. Ongea kabisa. Na hayo maneno ya dasta, tafadhali, isikuje."

Nilikuwa nimetayarisha kifungu salama juu ya ukulima wa kahawa. Tukaingia, inspekta akakaa nyuma, Bwana Ngatia akabaki dirishani. Nikavuta pumzi niseme good morning. Lakini inspekta alikuwa na adabu, akawaamkia watoto yeye kwanza, na akawauliza jana walikuwa wanafanya nini.

Kariuki alikuwa ameshasimama. "Sir, tulikuwa tunachunguza kama mwalimu mkuu alisikia vibaya."

Nilimtazama Bwana Ngatia dirishani. Alikuwa anatazama mlima, na mlima siku hiyo haukuonekana.

Neno moja tu kutoka kwangu lingeweza kuzima jambo lile. Lile nililojua kulisema vizuri kuliko yote, "Keep quiet," lilikuwa limefika ulimini. Nikaliuma. Hata leo siwezi kuwaambia kama ulikuwa ujasiri au mazoea ya wiki zile za kunyamaza. Inspekta alisema, "Endeleeni," na nikakaa.

Wangeci alisoma maelezo yaliyokubaliwa na wengi. Wengine wakayapinga. Msichana mmoja alisema Kariuki humeza maneno kama viazi vya moto. Kariuki akasema kosa ni la masikio. Inspekta, aliyekuja kukagua, akasahau akauliza swali, na mara moja akaulizwa kama yeye alikuwepo au ameambiwa tu. Akasema ameambiwa. Wakamshukuru, wakaendelea.

Kisha Wangeci akaenda dirishani. "Sir, tafadhali ingia utusaidie. Ulisikia nini?"

Niliona kazi yangu ikitoka mlangoni na kushika barabara ya Kakamega. Lakini Bwana Ngatia, mbele ya inspekta, hakuwa na la kufanya ila kuingia. Akasimama mbele ya darasa na tai yake. "Nilisikia dokta," akasema kwa Kiingereza.

"Basi tujaribu," Wangeci akasema. Alimtuma Kariuki azunguke jengo la shule mbio kama siku ile, kisha aje alitamke neno lile mara moja tu. Mwalimu mkuu na mgeni waandike wanachosikia, bila kuonyeshana.

Tukangoja. Tulisikia miguu ya Kariuki ikizunguka jikoni. Akatokea mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, akasema neno. Wazee wawili wakaandika. Wangeci akachukua karatasi akazisoma kwa sauti. Bwana Ngatia alikuwa ameandika "dasta". Inspekta alikuwa ameandika "dokta".

Darasa lililipuka. Bwana Ngatia, mwenye kupenda shule itulie, alitoa kicheko ambacho sikujua anacho, kicheko chembamba cha mtu aliyesamehewa hadharani. Inspekta aliitazama karatasi yake, akasema labda yeye pia anahitaji dokta wa masikio. Watoto wakaamua kesi papo hapo na kuandika hukumu ubaoni: anayetumwa akimbie, lakini akifika apumue kwanza ndipo aseme.

Kipindi kilipokwisha, inspekta alinijia mezani. "Niliambiwa huna sauti," akasema.

"Ilirudi jana," nikamjibu.

Watoto wote walinigeukia. Hawakuwa wamejua.

"Na mbona hujaitumia?"

"Sikupata nafasi."

Aliniangalia, akamwangalia Kariuki aliyekuwa bado anahema, akafunga mkoba wake. "Utathibitishwa, Mwalimu," akasema. "Ingawa sijui nitaandika nini kwamba nilikuona ukifanya."

Bwana Ngatia alimsindikiza hadi kwenye gari, kisha akarudi kunitafuta. Alikuwa amenyoosha tai. "Haya basi," akasema. "Sasa kesho utaongea ama utanyamaza? Nataka kujua, maana hizi kelele lazima nizizoee mapema."

Nikamwambia nitawauliza wenyewe. Kesho yake nikawauliza kwa sauti yangu, na ilionekana kubwa mno katika chumba kile. Walijadiliana. Kariuki alitaka niongee asubuhi tu. Wengine walisema niongee wanapokwama. Mwishowe Wangeci akasimama, safari hii bila kushika dawati.

"Unaweza kuongea, Madam," akasema. "Lakini uwe unamaliza, na sisi tuongee."